Chuo, Mkeka na Vifuu: Historia ya Elimu ya Awali Katika Mwambao

Kabla serikali ya Waingereza haijafungua skuli yake ya kwanza katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, watoto wa Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja walikwisha kuwa na mahali pa kupelekwa mara wajuapo kusema sawasawa na kujistiri wenyewe, napo palikuwa ni chuoni. Chuo hakikuwa na jengo la fahari wala kengele. Aghalabu kilikuwa ukumbi au baraza ya nyumba ya mwalimu, au pembe ya msikiti, ambapo watoto wa kiume na wa kike wa miaka mitano na sita, na pengine wadogo kuliko hao, walikaa juu ya mkeka mmoja, kila mmoja na ubao wake, wakizitamka herufi kwa pamoja, kisha wakizifunga kwa irabu, kisha wakizisoma sura fupi za Juzuu Amma, hata sauti zao zikasikika mtaa wa pili. Aliyetangulia alimfundisha anayefuata, kwa kuwa mwalimu alikuwa mmoja na wanafunzi wengi. Na siku mtoto alipokhitimu ilikuwa siku ya shangwe kwa jamaa na majirani wote.

Ni haki jambo hili kusemwa wazi, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya elimu ya watoto wadogo huandika kana kwamba nchi zetu zilikuwa ukiwa hata wageni walipotuletea habari yake. Chuo kilimpa mtoto mambo ambayo wataalamu wa leo huyahesabu kuwa ni msingi wa masomo yote: kukaa na wenziwe wasio ndugu zake, kungoja zamu yake, kumsikiliza mkubwa asiye mzazi wake, na kutambua kwamba alama iliyoandikwa ubaoni ina sauti yake isiyobadilika. Lakini insafu hutaka upungufu wake pia usifichwe. Bakora ilikuwa karibu mno na mkono wa mwalimu. Mtoto alihifadhi maneno mengi asiyoyajua maana. Na mdomo wake ulifunguliwa ili aukariri usemi wa mwingine, mara chache sana ili aulize au aeleze lililomo moyoni mwake.

Serikali ilipofungua skuli ya watoto wa Kiarabu mjini Mombasa mwaka 1912, na misheni nazo zikawa zimekwisha kuzieneza skuli zao pwani na bara, wazazi wengi wa Kiislamu waliingiwa na hofu isiyokuwa ya kipuuzi, kwani waliona kwamba katika skuli nyingi kalamu na dini ya mwalimu vilikwenda pamoja, na mtoto aliyepewa hii hakukosa kuipata na ile. Walikuwapo waliopinga mgawanyiko wa elimu ya dini na elimu ya dunia, na mashuhuri kati yao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha mwaka 1932, aliwahimiza watu wa pwani watafute maarifa ya zama zao bila ya kuiacha imani yao. Sauti yake ilisikiwa na wengi, lakini pengo lililokwisha kufunguka halikuzibika kwa maneno; na watoto wa mwambao waliendelea kubaki nyuma katika madarasa ya juu, kizazi baada ya kizazi.

Huko bara ya Kenya mambo yalifuata njia nyingine. Shule za vidudu za mwanzo zilikuwa za watoto wa Kizungu na wa Kihindi. Kisha, katika miaka ya Dharura, wakati wa vita vya Mau Mau, katika vijiji walimokusanywa watu kwa nguvu vilifunguliwa vituo vya kuwalisha na kuwaangalia watoto ambao mama zao walikuwa kazini. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wito wa Harambee ukazifanya chekechea zienee kila upande, zikijengwa kwa michango ya wanavijiji na kufundishwa aghalabu na wanawake wasiokuwa na mafunzo yoyote. Katika Tanzania, vijiji vya Ujamaa vilikuwa na vituo vyao vya kulelea watoto. Kenya ilianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, na kufikia wakati huo mtoto asiyepitia chekechea alikuwa amekwisha kuwa mgeni katika darasa la kwanza, maana shule nyingi nzuri zilimpima kabla ya kumpokea, zikimtaka ajue rangi, hesabu na herufi. Hapo ndipo shida ya pwani ilipodhihirika: chuo hakikuyafundisha hayo, na chekechea zilizokuwapo nyingi zilikuwa za makanisa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliipeleka haja hii kwa Aga Khan, wakaomba wasaidiwe ili watoto wao nao waingie skuli wakiwa tayari. Ombi hili lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa Aga Khan ni imamu wa Maismailia, ilhali Waislamu wengi wa mwambao ni Masunni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na walikuwapo waliojiuliza kuna nini nyuma ya msaada huo. Kazi ilikabidhiwa mwanamke wa Mombasa, Bi Swafiya Said, mwalimu aliyewajua watu wake na kujulikana nao. Na mwaka 1986 ikaanza rasmi, si kwa kujenga jumba jipya penye kiwanja kitupu, bali kwa kubisha hodi mtaa kwa mtaa na kuzungumza na wazee, maimamu na akina mama, hata wakaridhia kwamba ndani ya madrasa yao wenyewe, chini ya dari ile ile waliyoiamini, mtoto angeweza kusoma Kurani na kusoma dunia kwa pamoja. Kwa maoni yangu hili ndilo lililoiokoa kazi nzima. Lau mradi ungalikuja na jengo lake na walimu wake kutoka mbali, ungalipokewa kwa heshima, kisha ukasahauliwa.

Njia ya ufundishaji iliyochaguliwa, ya mtoto kujifunza kwa kucheza, ilikuwa na historia yake mbali na hapa. Ulaya yenyewe haikuipokea elimu ya namna hiyo kwa wepesi: Friedrich Froebel, aliyefungua mahali pa kuchezea na kujifunzia watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliona shule za namna yake zikipigwa marufuku na serikali ya Prussia mwaka 1851, akafa mwaka uliofuata marufuku hiyo haijaondolewa. Lakini mizizi ya karibu ya njia ya Mombasa ilikuwa katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ambako David Weikart na wenzake, kuanzia mwaka 1962 hadi 1967, walifanya jambo lililokuwa nadra kufanywa kwa uangalifu kama ule. Waliwachukua watoto 123 wa Wamarekani weusi wa jamaa fukara, wa umri wa miaka mitatu na minne. 58 wakawatia katika darasa la asubuhi, na walimu wakawa wanawatembelea majumbani mwao kila wiki. Na 65 wakabaki bila ya darasa hilo. Kisha wakawafuata wote, miaka nenda miaka rudi, hata wakawa watu wazima wa miaka 40.

Natija yake yafaa isomwe kwa makini, kwa sababu husimuliwa vibaya. Ile ziada ya akili iliyopimwa kwa mitihani baada ya mwaka wa kwanza haikudumu. Watoto walipokwisha kukaa katika shule za kawaida kwa miaka michache, tafauti hiyo ilififia. Kilichodumu ni kitu kingine kisichopimwa kwa mtihani mmoja: katika waliosoma, 77 kwa kila mia walimaliza sekondari, na katika wasiosoma ni 60, waliosoma walikuwa na kazi na kipato bora, na waliokamatwa na polisi mara kwa mara walikuwa wachache. Elimu ya awali, basi, yaelekea ilikuwa imewatia tabia ya kupanga jambo, kulishikilia hata likaisha, na kujiamini mbele ya mwalimu, na tabia hiyo ndiyo iliyowafaa umri wao wote.

Njia hiyo ilipofika Mombasa haikuvaliwa kama nguo ya kuazima. Mtoto hupanga atakalolifanya, hulitenda, kisha hukaa na wenziwe akaeleza alilolitenda. Hizo ndizo nguzo zake tatu, na zilibaki. Lakini vifaa vikawa vya pwani: vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mbegu, vizibo vya chupa, vikapu vya ukindu na vipande vya kanga, vikapangwa katika kona za nyumbani, za kujengea, za vitabu na za sanaa. Mtoto aliyeyapanga makombe kumi kwa ukubwa wake alikuwa amekwisha kuingia katika hesabu kabla hajaandika tarakimu hata moja. Nyimbo, hadithi na dua ziliunganishwa katika siku hiyo hiyo. Na walimu walikuwa wasichana wa mtaa ule ule, waliochaguliwa na kamati ya wazazi na kufunzwa kwa muda mrefu huku wakitembelewa darasani, wengi wao wakiwa ni wa kwanza katika nyumba zao kushika kazi ya mshahara.

Kutoka Mombasa kazi ilivuka bahari hadi Unguja mwaka 1990, ikapanda bara hadi Kampala mwaka 1993, na baadaye madrasa za namna hiyo zikazidi 200 katika nchi tatu. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwalinganisha watoto wa madrasa hizo na watoto wa chekechea nyingine na watoto waliokaa nyumbani, wakatoa matokeo yao mwaka 2008: waliokwenda chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizo wakawashinda hao wa chekechea nyingine. Maana yake ni dhahiri. Kumpeleka mtoto mahali popote ni heri kuliko kutompeleka, lakini ubora wa mwalimu na wa njia yake ndio unaoamua mtoto atarudi na kiasi gani.

Serikali nazo zimeitika. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliitia elimu ya awali ndani ya elimu ya msingi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi kwa serikali za kaunti. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima. Hata hivyo sheria haifundishi darasa. Katika shule nyingi mtoto wa miaka minne bado hukalishwa kutwa akinakili herufi, na mzazi huridhika kwa kuwa daftari limejaa, ilhali wakati wa kucheza, kusema na kuuliza umepotea, nao ndio uliokuwa na faida kubwa kuliko daftari. Na mwalimu wa awali, mara nyingi, ndiye anayelipwa kidogo kuliko walimu wote na kucheleweshwa kuliko wote.

Miaka ya 1990, baadhi ya madrasa hizo zilianzishiwa akiba ya kudumu: jamii ikachanga fedha zake, Wakfu wa Aga Khan ukaongeza, na faida ikatumiwa kuwalipa walimu. Watu wa pwani wanaifahamu vyema desturi ya wakfu, kwani misikiti yao na visima vyao vimetunzwa kwayo kwa karne nyingi. Enyi wazee wa mitaa, wafanyabiashara na wajumbe wa mabunge ya kaunti, wekeni wakfu kwa ajili ya mwalimu wa watoto wadogo kama mlivyoweka kwa ajili ya msikiti, na mwalimu huyo apewe mafunzo kamili na mshahara wa kumtosha yeye na watoto wake.