Tusiwaache Waende Peke Yao

Jumapili ya kipaimara makanisa yetu hujaa. Watoto huvaa nguo nyeupe, wazazi huchinja, ndugu hutoka Dar es Salaam na Arusha. Miezi mitatu baadaye, tunapohesabu ni wangapi bado tunawaona ibadani, sisi wachungaji huona haya. Wengine wamekwenda shule za bweni, wengine wamekwenda mijini kutafuta riziki. Sisi tuliohudumu sharikani tunaujua pia uchungu wa kuitwa kumzika kijana tuliyemwekea mikono wenyewe, tukakuta kwamba hakuna mtu usharikani aliyejua alikuwa akiishi wapi, wala ameugua tangu lini. Kijana huyo aliikariri Katekisimo vizuri. Alichokosa ni mtu wa kumtafuta.

Kabla ya kuwalaumu vijana au wazazi, tuitazame historia yetu sisi Walutheri. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo, baada ya kutembelea sharika za Saxony na kusikitishwa na ujinga aliouona, hata miongoni mwa wachungaji. Kitabu hicho hakukiandikia darasa tu. Sehemu zake zina vichwa vinavyomwelekeza mkuu wa kaya namna ya kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Basi tangu mwanzo darasa la kipaimara lilikuwa msaada kwa nyumba. Halikuwekwa lichukue nafasi yake.

Somo la pili liko karibu zaidi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika Uchagani mwaka 1893. Mwaka 1902 akaja Bruno Gutmann, aliyezaliwa mwaka 1876, ambaye kwa miaka mingi alihudumu Kidia, Old Moshi, hadi mwaka 1938. Wamisionari wengi wa wakati ule walifika wakiwa na majibu tayari. Gutmann aliketi na wazee akauliza. Aliuliza jinsi shauri linavyoamuliwa, jinsi maji ya mfereji yanavyogawanywa, na jinsi kijana anavyofundishwa utu. Aliyoyasikia aliyaandika katika vitabu vikubwa, kimojawapo kikihusu sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926.

Aliona kwamba mtoto wa Kichaga alishikwa na kamba tatu. Ya kwanza ni ukoo: hakuwa mtoto wa baba na mama tu, bali wa babu, shangazi na wajomba. Ya pili ni ujirani: waliopakana vihamba na kunywa maji ya mfereji mmoja walipaswa kuusafisha pamoja na kusaidiana. Ya tatu ni rika: waliopita jandoni pamoja walibaki kuwa ndugu. Gutmann aliamini kwamba kamba hizi zilitoka kwa Mungu Muumba, na kwamba Injili haikuja kuzikata bali kuzisafisha.

Kwa hiyo aliujenga usharika juu yake. Wazee wa kanisa waliangalia mitaa yao, nyumba jirani na nyumba. Vijana wa kipaimara nao waliunganishwa wawili wawili, kama ndugu wa ngao, ili kila mmoja amlinde mwenzake hata baada ya kubarikiwa. Mmoja akianguka, wa kwanza kuulizwa alikuwa mwenzake. Ndiyo hekima ya Mhubiri sura ya 4, anapomsikitikia mtu aangukaye asiwe na wa kumwinua.

Je, kamba hizo zilishika? Mwaka 1920, baada ya vita, wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa nchini. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa kazi yote. Waliobaki na kondoo ni walimu na wazee wetu wenyewe. Gutmann aliporudi katikati ya miaka ya 1920 alikuta Kanisa liko hai. Mzungu alikuwa ameondoka, lakini jirani alikuwepo.

Hata hivyo hatutaki kumfanya Gutmann malaika. Aliogopa miji, fedha na elimu ya kisasa, wakati vijana wa Kichaga walitaka shule na Kiingereza. Alitaka kuuzuia mto kwa viganja. Tena kamba imshikayo mtoto yaweza pia kumnyonga. Ni ukoo huohuo uliowapeleka wasichana kukeketwa, na ni ukoo huohuo ambao hadi leo wakati mwingine humnyang'anya mjane na yatima kihamba chao. Watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na watu wanaowafahamu. Ndiyo maana tunashika neno lile, kusafishwa. Ukoo, ujirani na rika vyote vipigiwe magoti mbele ya Kristo kwanza? La hasha! Vyenyewe ndivyo vimpigie Kristo magoti, aliyemweka mtoto katikati ya wanafunzi wake.

Leo kihamba kimegawanywa hadi hakigawanyiki tena, na rika limehamia kwenye simu. Hatuwezi kuwarudisha watoto wetu Kidia ya mwaka 1910, wala hatupaswi. Lakini tunaweza kusuka upya. Tangu siku ya kwanza ya mafundisho, tuwaweke watoto wawili wawili, na kila jozi ipewe mtu mzima mwaminifu anayejulikana na wazazi na wazee wa kanisa, asiyekutana nao faraghani. Tuwakumbushe wasimamizi wa ubatizo kwamba kazi yao haikuisha siku ya picha. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba ziulize habari za mtoto aliye bwenini, za baba aliyepoteza kazi, na za mama anayelea peke yake, kwa maana mtoto hawezi kuwa mzima katika nyumba inayozama. Na kijana anapohamia mjini, mchungaji ampigie simu mwenzake wa kule kabla basi halijafika stendi.

Hayo hayahitaji mradi wala mfadhili. Yanahitaji daftari, simu na moyo. Siku ya mwisho Bwana wetu atatuuliza juu ya wale aliotukabidhi, kila mmoja kwa jina lake. Heri tuwe tumewatafuta mapema, wangali hai.