Jino na Majina Yake: Historia Fupi ya Istilahi za Meno katika Kiswahili cha Unguja



Mhadhara huu unahusu kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu ameingia nacho ukumbini bila ya kukifikiri, nacho ni jino. Nimekichagua kwa makusudi. Tunapozungumzia istilahi za Kiswahili tumezoea kuanza na mambo makubwa kama vile sheria, siasa na kompyuta, kana kwamba mwili wa mzungumzaji mwenyewe umekwisha pata majina yake yote. Nakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina picha yake ya jino, na picha hiyo ni ya mmea. Istilahi zinazoifuata picha hiyo huifikisha elimu kwa watu. Pale picha ilipoachwa na pengo, hofu imeingia na kulijaza pengo hilo kwa jina lake yenyewe.

1. Urithi wa Kibantu

Tuanze na neno lenyewe. Jino na meno ni umoja na wingi wa shina moja, -ino. Katika wingi kiambishi ma- kimekutana na irabu i ya shina, na a na i zikaungana kuwa e: ma-ino, meno. Shina hili tunalo pamoja na jamaa zetu wengi. Mganda husema erinnyo na amannyo, Mzulu husema izinyo na amazinyo. Neno gego nalo lina ndugu: Mkikuyu huita jino lolote igego, wakati Mswahili amelitenga neno hilo kwa meno ya kusagia tu. Kwa hiyo kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga Shangani, mambo haya yalikuwa yameshapewa majina na watu wa pwani.

Na majina hayo yana mpango. Kuna meno ya mbele ya kukatia. Kuna chonge, jino lenye ncha, ambalo jina lake haliko mbali na kitenzi chonga. Na kuna magego ya nyuma. Meno yamekaa katika taya na kuzungukwa na ufizi. Uchafu unaogandama juu yake huitwa ukoga. Nafasi baina ya meno mawili ya mbele ambayo mtu amezaliwa nayo ni mwanya, na watu huisifu. Nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka ni pengo, na hiyo haisifiwi. Asiye na meno ni kibogoyo. Lugha iliyotenga mwanya na pengo haiwezi kuambiwa kwamba haikuuchunguza mdomo.

Sasa tutazame vitenzi. Jino la Mswahili huota, kama muhogo unavyoota. Lina mzizi. Likiharibika huoza, na dawa yake ya mwisho ni kung'olewa. Mtoto ana meno ya utoto, ambayo hupukutika ili mengine yaote. Tangu mwanzo hadi mwisho tumo shambani.

2. Maneno kuingia katika maandishi

Kiswahili cha Unguja kilianza kupangwa katika vitabu vya wageni katika nusu ya pili ya karne ya 19. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya UMCA, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyozungumzwa Unguja. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyoegemea zaidi Kiswahili cha Mombasa, ilitoka mwaka 1882. A. C. Madan, naye wa misheni ya Steere, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi za Frederick Johnson zilifuata mwaka 1939.

Watungaji hao waliandika walichokisikia, na tunawashukuru. Lakini waliyoyasikia yalikuwa maneno ya nje ya jino: yale yanayoonekana mtu akicheka, akila au akilia kwa maumivu. Jino lililopasuliwa na kutazamwa kwa ndani halikuwa sehemu ya mazungumzo ya barazani, na kwa hiyo halikuingia katamusi yoyote kati ya hizo kwa mpango. Hapo ndipo historia ya pengo letu inapoanza.

3. Pembe ambayo ni jino

Hata hivyo, kulikuwa na jino moja ambalo Unguja ililijua kwa ndani kuliko miji mingi ya dunia. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika ya Mashariki. Misafara ya akina Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ilizileta kutoka bara. Pembe zilipimwa hapa Mji Mkongwe, zikasafirishwa hadi Bombay, London na Marekani, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, vilizikata kuwa vibonyezo vya piano. Wafanyabiashara walikuwa na istilahi zao, kama buri na kalasha kwa pembe zisizokuwa kubwa.

Elimu ya maumbile inasema kwamba pembe ya ndovu si pembe. Ni jino. Ni jino la mbele la taya la juu, lililorefuka likatoka nje ya mdomo, na sehemu yake kubwa ni dentini, yaani ile ile dutu ngumu, ya rangi ya maziwa, iliyo chini ya tabaka la nje la meno yetu. Uwazi ulio kwenye kitako cha pembe ni sawa na uwazi ulio katikati ya gego la mtu, mahali panapokaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Wachukuzi wa Mji Mkongwe walibeba dentini mabegani mwao kwa miaka mingi, wakaiita pembe.

Siwalaumu. Mswahili ameita kwa kufuata umbo, na umbo lake ni la pembe. Lakini methali yetu inasema: jino la pembe si dawa ya pengo. Watu wa Ulaya walikuwa wakichonga meno ya bandia kwa pembe za ndovu na za kiboko hadi mpira mgumu ulipoanza kutumika katika karne ya 19, na methali inatuonyesha kwamba fikra ya jino la namna hiyo haikuwa ngeni kwetu. Kwa hakika ya sayansi, basi, jino la pembe ni jino lililochongwa kutokana na jino. Na bado methali ni kweli, kwa sababu dentini iliyokufa haina mzizi katika taya. Haikuota.

4. Maneno yaliyohamia katika tiba

Lugha haikungoja kamati. Zingatieni neno ganzi. Anayekula ukwaju au embe mbichi meno yake huingia ganzi. Mguu uliokaliwa kwa muda mrefu hufa ganzi. Daktari wa meno alipoleta sindano ya kuzuia maumivu, watu waliiita sindano ya ganzi, na jina likakubalika hospitalini bila ya mjadala. Neno mswaki lililetwa na Kiarabu kwa maana ya kijiti cha kusugulia meno, ambacho kutumia kwake ni sunna. Leo jina hilo hilo limeubeba na ule wa plastiki. Karafuu nayo haikubaki mitini. Wazee huweka karafuu juu ya jino linalouma, na madaktari duniani huchanganya kiini cha mafuta yake, yujenoli, na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda.

Mgonjwa pia ana istilahi zake za uchunguzi. Husema jino linaingia baridi, linachoma, au linapwita. Kupwita ni kuuma kwa mapigo, na mara nyingi kunamaanisha kwamba uharibifu umefika kwenye ile nyama ya ndani. Daktari huandika 46, yaani gego la kwanza la chini upande wa kulia kwa mfumo wa tarakimu mbili wa kimataifa. Namba inampa mahali. Neno la mgonjwa linampa hali.

Si kila neno la zamani linafaa kubaki na maana yake, hata hivyo. Wengi husema jino limeliwa na mdudu. Itikadi hii ilikuwapo tangu Babeli ya kale. Pierre Fauchard wa Ufaransa aliikataa katika kitabu chake cha mwaka 1728, na mwaka 1890 Willoughby Miller alionyesha kwamba bakteria wa mdomoni hugeuza mabaki ya chakula, hasa sukari na wanga, kuwa asidi inayoyeyusha jino. Mdudu yupo, lakini haonekani kwa macho, na hatafuni.

5. Pale lugha ilipoacha pengo

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niichague mada hii. Neno kigego limo katika kamusi: ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, aliyehesabiwa kuwa na mkosi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba katika baadhi ya jamii za Afrika ya Mashariki mtoto wa namna hiyo aliuawa. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa kuota meno tu.

Hofu hiyo ilipata jina jipya. Kuanzia miaka ya 1980 madaktari wa meno wa Tanzania Bara walichapisha taarifa za watoto wachanga waliochimbwa fizi ili kuondolewa meno ya nailoni, ambayo pia huitwa meno ya plastiki. Mtoto huharisha na kupata homa, mtu huonyesha uvimbe katika ufizi mahali pa chonge, kisha hukichimba kwa chuma kilichonolewa kitu laini na cheupe. Kitu hicho ndicho jino la nailoni. Nchini Uganda huitwa ebinyo, na msikilizaji atalitambua humo lile shina tuliloanza nalo.

Mwanahistoria wa lugha anaweza kulipima umri jina hili. Nailoni ilitangazwa duniani mwaka 1938. Kwa hiyo jina meno ya nailoni haliwezi kuwa la kale kuliko hapo. Si mila ya mababu. Ni jina la juzi, lililobuniwa na watu walioona kitu chini ya ufizi wakakosa neno la kukiita.

Na kitu chenyewe ni nini? Ni chonge la utoto ambalo bado halijaota. Mtoto huzaliwa na meno yake 20 ya utoto yamekwisha kuanza kuumbika ndani ya taya. Yale ya mbele ya chini huota katika umri wa miezi 6 hivi. Chonge hungoja hadi baina ya miezi 16 na 20. Kabla ya hapo ni laini kwa sababu madini yake hayajakamilika. Akichimbwa, mtoto huweza kuvuja damu, kupata maambukizo, hata kufa. Na akipona, chonge la ukubwani huweza kuota limeharibika, au lisiote kabisa. Kuharisha kwake kulitokana na maji au chakula kichafu, na hakukutibiwa.

6. Pendekezo

Tumekuwa na taasisi za kazi hii. TUKI ilianzishwa mwaka 1964, BAKITA mwaka 1967, na hapa Zanzibar TAKILUKI mwaka 1978. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990. Kwa upande mwingine, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza sayansi ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto akijifunza jino kwa lugha moja na kuugua kwa lugha nyingine, elimu hubaki darasani.

Napendekeza kanuni tatu. Kwanza, palipo na neno, lisiondolewe: chonge libaki chonge, na gego libaki gego. Kati ya meno 32 ya mtu mzima, 8 ni ya mbele, 4 ni chonge, 8 ni magego madogo na 12 ni magego makubwa; hakuna hapo haja ya kukopa. Pili, pasipo na neno la watu, tukope bila ya aibu. Enameli, tabaka la nje lililo gumu kuliko kitu chochote mwilini, na dentini iliyo chini yake, ni maneno yanayotamkika vizuri katika vinywa vyetu.

Tatu, jino lililo chini ya ufizi liitwe mbegu ya jino. Jina hili linatoka katika shamba lile lile la kuota, mzizi na kung'oa. Kila picha ina mwisho wake, na jino la mtu mzima likishang'olewa halichipui tena. Lakini hapa picha inasema kweli: anayechimbua mbegu asitaraji mavuno. Mama wa Makunduchi au wa Nungwi hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, jino na jina hutofautiana kwa irabu moja. Tumeona leo kwamba jina baya linaweza kung'oa jino zima. Wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu msiende mbali: nendeni katika zahanati za kisiwa hiki, mkae kwenye benchi la wanaosubiri, mwandike wanavyoyaeleza maumivu yao. Kisha mrudi na maneno hayo kwa wanaowafundisha madaktari.