Pijo, Comet na mkanda wasiousimulia wazee

Leo ni historia na ni ndefu, kwa hiyo anayenyonyesha aweke mto mgongoni kabisa ndiyo tuanze.

Wiki iliyopita niliandika kwamba mtoto asipakatwe kiti cha mbele cha gari. Maoni yalikuwa mengi, na lililopendwa kuliko yote lilisema hivi: zamani tulijazana kumi na wawili kwenye Landrover, mkanda hatuujui, na mbona tumekua. Nilicheka. Halafu nikalichukua kwa uzito, maana neno hilo nalisikia hata wodini, tena kutoka kwa watu wazima na akili zao. Hebu basi twende huko zamani tukaangalie wenyewe.

Sisi wa Singe tunaishi kando ya barabara yenye makuu yake. Hii inayotoka Arusha ikapita Babati kwenda Kondoa na Dodoma ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliota itoke Cape Town hadi Cairo. Ndiyo maana wazee wetu magari wanayajua. Kaa karibu na gereji yoyote Jumapili mchana utawasikia. Mmoja anasifia Bedford, mwingine Landrover 109, wa tatu anaapa kwamba tangu dunia iumbwe hakuna gari kama Peugeot 404, yaani Pijo. Wakifika kwenye Safari Rally, hapo chai inapoa kwenye kikombe.

Kwa nyie mliozaliwa juzi: mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II. Mwaka 1960 yakawa East African Safari. Yalikuwa yetu wote, Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikimbia takriban kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Ng'ombe humo humo, mabasi humo humo, na watoto wanaotoka kuchota maji humo humo. Na yalifanyika Pasaka, yaani masika yenyewe. Anayeujua udongo wa huku ukinyeshewa sina haja ya kumwelezea.

Madereva wa Ulaya waliliogopa jina la Mbulu, na wala siwashangai. Kutoka huku kwetu kwenda Mbulu, upite Dareda au uingilie Mbuyu wa Mjerumani upande Magara, lazima uparamie ukuta wa Bonde la Ufa. Siku hizi kuna daraja Magara. Enzi hizo ulikuwa ukisali.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyomaliza ni 7 tu. Msweden Erik Carlsson alikuwa anaongoza na kigari chake cha Saab, akagonga muhanga usiku, ushindi ukaenda zake. Ndiyo, muhanga, yule anayechimba vichuguu. Aliyeshinda ni Nick Nowicki wa Kenya, na gari lake lilikuwa Pijo 404.

Mwaka uliofuata ndio nautaka mimi, maana ndio Wamarekani walikuja.

Nyie mnaoangalia sinema mnayajua yale magari ya Kimarekani ya zamani, boneti ndefu, injini ya V8 inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mwaka wenyewe ni 1964. Kampuni ya Pontiac ilitoa GTO, na tarehe 17 Aprili Ford wakazindua Mustang. Siku tisa baadaye sisi tukaungana na Zanzibar, kila mtu na shughuli zake! Kampuni hiyo hiyo ya Ford ilikuwa na gari jingine, Mercury Comet. Mwishoni mwa 1963 waliyazungusha Comet manne kwenye uwanja wa mashindano wa Daytona kwa siku 40, kila moja kilomita 160,000, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Baada ya kuyathibitisha hivyo wakayaleta Afrika Mashariki. Yalikuwa sita, yana injini za karibu sisi 4,700. IST unayoiona mjini ina sisi 1,300, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Walioanza Pasaka ile walikuwa 94, wakamaliza 21. Comet zilizofika ni mbili, ya 18 na ya 21. Ya mwisho kabisa, jamani. Mshindi alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina, gari dogo la Ford ya Uingereza, na wa pili ni yule yule Carlsson na Saab yake, injini isiyofika hata sisi 900. Nguvu yote ile ya Marekani ilitengenezwa kwa barabara iliyonyooka na kavu, na tope halihesabu farasi. Wazee wakifika hapa wanagonga meza kwa furaha utadhani wao ndio waliosukuma.

Pijo ndiyo iliyobaki moyoni, na ina haki yake. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, mara zote mbili kwa Pijo 404. Mwaka 1968 Nowicki akarudia kwa gari aina ile ile, na kwa mara nyingine waliomaliza walikuwa 7. Gari lililoshinda Jumatatu ya Pasaka ndilo ungeliona wiki ijayo likiwa teksi, au limepakia gunia na mbuzi. Ndiyo raha yake. Hakuna anayepakia mbuzi kwenye Mustang.

Kabla sijasahau, wanawake nao walikuwemo, ingawa kijiweni hawatajwi. Mwaka 1962 Pat Moss wa Uingereza alimaliza wa tatu kwa Saab, akiwa na mwanamke mwenzake Ann Riley. Mkisikia dereva anasema mwanamke hawezi barabara ya tope, mpeni hiyo.

Sasa twende mwaka 1965, ndipo kisa changu kilipo. Safari ya mwaka ule alishinda Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya, fundi magari, akiwa na mdogo wake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, tena lililotumika. Kampuni ilikimbiza magari yake Safari ya 1964, Joginder akanunua moja, akalishughulikia mwenyewe, akatoka wa kwanza na akarudi wa kwanza. Lilikuwa gari la kizamani hata kwa siku zile, limebinuka mgongo kama kobe. Wazee wanasimulia springi zake, wanasimulia injini yake, wanasimulia taa zake.

Hawasimulii mkanda.

PV544 hiyo hiyo, yaani aina ile ya gari, ndiyo ya kwanza duniani kukabidhiwa mteja ikiwa na mkanda wa kisasa, huu unaopita begani na kiunoni na kufungwa sehemu tatu. Ilikuwa Sweden, katika mji wa Kristianstad, Agosti 1959. Aliyeubuni ni mhandisi Nils Bohlin. Kabla ya Volvo alikuwa Saab akitengeneza viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege ya kivita inapoharibika, kwa hiyo alijua vizuri mwili unavyoteseka kwa mshtuko wa ghafla. Mikanda mingi ya kabla yake ilipita tumboni tu. Gari likigonga, kinachobana ni tumbo laini, utumbo na ini vinaumia, na kichwa bado kinaenda mbele. Wa Bohlin ulishika mifupa: nyonga, kifua, bega. Na Volvo wakaruhusu kampuni nyingine zote ziutumie bure. Mimi kama muuguzi, kwa hilo peke yake nawapa kombe la Safari za miaka yote.

Marekani je, kwenye yale magari mazuri ya sinema? Mwaka huo huo wa 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu kilichowachafua watengenezaji, akieleza kuwa wanauza mwonekano na kasi huku usalama wameuacha nyuma. Dashibodi zilikuwa za chuma. Mhimili wa usukani ulikuwa fimbo ngumu inayoelekea kifuani kwa dereva. Mwaka 1966 barabara za Marekani ziliua watu zaidi ya 50,000, na ndio mwaka serikali yao ilipotunga sheria ya usalama wa magari. Kuanzia magari ya 1968 mikanda ikawa lazima iwemo. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, zama za yale magari makubwa zikaisha zenyewe. Huku kwetu wazee wanakumbuka ukata ulivyobana mpaka magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri.

Kwa hiyo ukiniambia zamani hawakuujua mkanda, ulikuwepo. Ulikuwepo kabla ya Uhuru wetu. Haukufika tu kwenye benchi la nyuma la Landrover ya kijiji.

Na lile neno la tumekua, ndugu yangu, tulitazame taratibu. Anayelisema ni nani? Ni aliyekua. Mwenzake aliyerushwa nje ya gari kwenye kona akiwa na miaka minne hayupo kijiweni leo kuleta hoja ya upande wa pili. Mama yake yupo pengine, lakini mama hasimulii magari. Ukiwahesabu waliobaki peke yao, kila hatari itaonekana ndogo.

Jambo jingine, zile Landrover zilikuwa zinakwenda kasi gani? Babati hadi Kondoa kwa vumbi na mashimo, ulifika umechoka lakini uliendeshwa polepole. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na tunaishukuru, mama mwenye uchungu pingamizi sasa anafikishwa. Ila Noah iliyotoka Babati leo inapita hapa mwendo ambao dereva wa Safari mwaka 1964 angeuonea wivu, na ndani yake mama amempakata mtoto mbele kwa sababu nyuma kumejaa. Tumechukua kasi ya Mustang na kukaa kwetu ni kule kule kwa Landrover.

Hesabu yake ni hii. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kama 10, ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 ni mita 25. Mtoto wa kilo 10 mapajani mwako, kwa kilomita 50 tu, anavuta mikono yako mbele kwa uzito wa kilo 200 na zaidi, kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mikono ya mama yenye nguvu hiyo. Upendo unayo, kilo 200 huna.

Najua kiti cha mtoto ni ghali na wengi hatuna hata gari. Ukiwa na gari na uwezo upo, kiti cha mtoto ndicho cha kununua kabla ya redio na rimu. Kichanga aangalie nyuma ya gari, na asikae kamwe mbele ya eabegi. Ukiwa huna kiti, mtoto anayeweza kukaa mwenyewe akae nyuma na mkanda wake. Mkanda mmoja usiwafunge wawili, wewe na yeye, maana mwili wako ndio utakaombana. Kwenye Noah ya abiria chagua siti ya nyuma ya dereva, hata ukisubiri gari linalofuata.

Wajawazito, nyie mnaniuliza sana inbox: mkanda unafungwa, mimba ya miezi yoyote. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kigande kwenye nyonga, kisipande juu ya mtoto. Kipande cha juu kipite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Usikiweke chini ya kwapa.

Mwenye picha ya babu na Pijo yake aiweke hapa chini, nataka kuziona kweli. Na mzee kama yupo hai, muulize lilikuwa na mkanda au la, na kama ulikuwepo, ulipita wapi. Majibu nitayasoma Jumamosi nikitoka zamu ya usiku.