Moto, Nyungu na Kitenzi "Chemsha": Lugha ya Uandaaji wa Dawa za Miti Nyeri

Kitenzi chemsha kimeleta utatanishi mwingi katika tafsiri za tiba za jadi. Mganga wa Nyeri aelezapo dawa yake kwa Kigikuyu, na maelezo hayo yakahamishiwa Kiswahili kwa haraka, huenda likasalia jina la mti na neno hilo moja. Utokosaji wa polepole, uloweshaji na ufukizaji humezwa humo.

Historia ina sehemu yake katika upungufu huu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilitungwa na serikali ya kikoloni ambayo haikuuelewa vyema mpaka uliopo baina ya mganga na mchawi. Si ajabu basi kama mganga alimtajia mgeni mti na kuuficha moto.

Lakini moto ndio nusu ya dawa. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka huko yafikapo kiasi cha digrii 94 za Selsiasi, ilhali Mombasa hufikia 100. Chemsha ya pwani, kwa hiyo, si chemsha ya mlimani. Mganga hakuhitaji kipimajoto: rangi ya maji, ukali wa ladha na kiasi kilichosalia chunguni vilimtosha.

Gome la mũthiga (Warburgia ugandensis) hutafunwa bichi kwa maumivu ya jino na kwa kikohozi. Pia hutokoswa likanywewa. Mti ni mmoja, ila uandaaji ni wa namna mbili. Mũiri (Prunus africana) wafunza zaidi. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome lake. Viwanda hulikamua gome hilo kwa viyeyusho, kwa kuwa steroli zilizomo haziyeyuki vyema majini. Kidonge cha Ulaya na kikombe cha Nyeri, ingawa asili yao ni gome moja, si dawa moja. Biashara hiyo iliuandama mti hata ukawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995.

Uzito wa kitenzi huonekana wazi zaidi katika mfano wa China. Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alipata matokeo yasiyotegemeka kutokana na pakanga iliyoandaliwa kwa joto kali. Akarejea maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4, ambayo yaagiza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Mwaka 1971 alitumia etha, ambayo huchemka kwa digrii 35 hivi, na dawa ikapatikana. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2015. Mfasiri ambaye angeandika chemsha mahali pa loweka angaliizika dawa hiyo.

Kiswahili hakikosi msamiati: loweka, kamua, tokosa, chuja, anika, fukiza. Hata chombo chenyewe ni cha urithi mmoja, kwani nyũngũ ya Kigikuyu ndiyo nyungu ya Kiswahili. Mjini Nyeri neno hilo bado ni chungu cha udongo. Tanzania limekwenda mbali zaidi: kupiga nyungu, msemo uliovuma mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, ni kujifunika nguo na kuvuta mvuke wa majani. Hapo maji hayanywewi kamwe, na mkusanyaji wa istilahi atakayeandika chemsha atakuwa ameandika hatua ya kwanza tu.