Mabomba Matano ya Yambuku

Mwezi wa Septemba mwaka 2026 inatimia miaka 50 tangu ilipofungwa hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, baada ya wahudumu 11 kati ya 17 waliokuwamo kufariki dunia; na kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuhadithiwa Ebola kama balaa lililochomoza msituni likawavamia waja, yafaa tuikumbuke ile sehemu ya kadhia ambayo haikutoka msituni, bali katika chumba cha sindano.

Elimu ya hadhari haikuwa ngeni wakati ule, maana tangu mwaka 1847 Ignaz Semmelweis alikwisha kuwaonyesha matabibu wa Vienna kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaua wazazi wodini, na baada yake Joseph Lister akaleta dawa ya kuulia vijidudu katika chumba cha upasuaji.

Yambuku ilikuwa na vitanda 120, ikiendeshwa na masista wa Kibelgiji, na watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kwa sababu dawa zilipatikana. Ripoti ya tume ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 1978, ambayo ndiyo tegemeo la makala haya, yaeleza kwamba kila asubuhi wauguzi wa wagonjwa wa nje walikabidhiwa mabomba matano ya sindano, na hayo matano ndiyo yaliyozunguka kutwa nzima katika mikono na mapaja ya wote waliopanga foleni. Baina ya mgonjwa na mgonjwa, bomba na sindano yake vilisuuzwa tu katika sufuria ya maji ya vuguvugu. Jioni, pengine vilichemshwa, pengine havikuchemshwa.

Tarehe 26 Agosti 1976 alifika mwalimu mmoja wa shule ya misheni, ana homa, akadhaniwa ana malaria, akachomwa klorokwini. Tarehe 8 Septemba akafa. Muda si muda wakaanza kuugua wengine waliochomwa sindano hapo hapo, wakiwemo wanawake waliokwenda kliniki ya wajawazito kwa ajili ya afya zao na za watoto waliowabeba. Miongoni mwa walioambukizwa kwa sindano peke yake, hakupona hata mmoja. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa kutoka Kinshasa kuchunguza, alitoa damu za wagonjwa bila ya glavu, akaona kila alipochomoa sindano damu haikomi kutiririka, hata vidole vyake vikalowa. Akanawa kwa maji na sabuni, akasalimika. Hospitali ilipofungwa na sindano zikakoma, na wazee wa vijiji wakaziba njia kama walivyokuwa wakifanya zama za ndui, maradhi yalififia, yakiwa yamekwisha kuwapata watu 318 na kuwaua 280.

Siwatupii lawama masista wale, kwani baadhi yao walikufa kwa ugonjwa ule ule waliokuwa wakiwauguza wenzao. Taksiri ni ya ulimwengu uliowapelekea dawa tele bila ya vyombo vya kutosha vya kuzitilia. Hata watafiti waliokuja waliupa ugonjwa jina la mto, ili kijiji kisibaki na aibu milele.

Yakafuata maradhi hayo hayo ya Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kisha Kivu na Ituri kuanzia 2018, zote katika nchi ile ile. Na Machi 2023, Marburg, maradhi ya jamii moja na Ebola, ilipozuka mkoani Kagera, Tanzania, mhudumu wa afya alikuwemo miongoni mwa waliofariki. Mabomba ya kutumia mara moja sasa yamo kila mahali, na hiyo ni fahari. Lakini zahanati ambayo muuguzi wake hana bomba la maji wala sabuni karibu na kitanda cha mzazi bado ipo, na sharti isiwepo. Wenye dhamana ya afya katika nchi zetu, kabla ya kuzindua jengo jingine jipya, wayafikishe kwanza maji katika majengo yaliyopo.