ZX Spectrum: Namna ya kuongeza memori ya kompyuta ya 1982 kwa bei chee

Kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum ilitoka Uingereza Aprili 1982 ikiwa na matoleo mawili: la memori ya KB 16 kwa pauni 125 na la KB 48 kwa pauni 175. Aliyechukua la bei ndogo alijikuta kwenye kona, maana michezo mingi iliyofuata ilitaka KB 48.

Habari njema ni kwamba hata leo mashine ya KB 16 inaweza kuongezwa memori bila kutumia hela nyingi.

Siri ya chipu nusu

Ili kubana gharama, Sinclair ilitumia chipu za biti 65,536 ambazo nusu yake ilikuwa mbovu. Bodi ilisoma ile nusu nzima tu. Chipu nane za aina hiyo hutoa KB 32, ambazo zikijumlishwa na KB 16 za awali zinafika 48.

Leo mafundi wengi huweka chipu nzima za 4164 badala yake. Nusu moja inakaa bure, lakini kazi inafanyika. Anayetumia chipu nusu za zamani lazima zote nane ziwe na nusu nzima ya upande mmoja, na kiunganishi kwenye bodi kielekezwe upande huo. Akikosea hapo, hela imeliwa.

Nini kinahitajika?

Kwenye bodi za toleo la 2 na la 3, nafasi za chipu ziliachwa tayari. Zinahitajika chipu 12: nane za memori na nne ndogo za kuziongoza. Bodi ya toleo la 1 ni tofauti, yenyewe hutumia kibodi kidogo cha ziada kinachochomekwa ndani.

Asiyetaka kufungua mashine anaweza kutafuta pakiti ya KB 32 ya kuchomeka nyuma. Umeme uzimwe kwanza. Kuchomeka mashine ikiwa imewaka kunaweza kuiua.

Pima kabla ya kununua

Mtihani wa kwanza ni wa bure. Andika:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Jibu likiwa 32767, mashine ina KB 16. Likiwa 65535, tayari ina 48 na hakuna haja ya kununua kitu.

Mtihani wa pili ni wa umeme. Chipu za KB 16 za awali zinategemea volti 5, 12 na -5 kwa pamoja. Ile -5 ikikatika, chipu hizo zinaweza kuungua.

Kwa hiyo mashine isiyowaka vizuri itengenezwe kwanza. Memori mpya haiponyi ile ya zamani: KB 16 za mwanzo zikifa, hata hizo 32 za juu hazitasaidia kitu.