Kisukari na sonona: Dalili zinazosingiziwa sukari

Kliniki ya kisukari hupima mengi: sukari, presha, uzito, macho na miguu. Swali ambalo mara nyingi haliulizwi ni hili: moyoni unajisikiaje?

Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), mwenye kisukari ana uwezekano mara 2 hadi 3 zaidi wa kupata sonona kuliko asiye nacho. Kati ya wanaoipata, wanaogunduliwa na kutibiwa ni asilimia 25 hadi 50 tu.

Kwa nini hujificha?

Dalili zinafanana. Uchovu, usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika. Mgonjwa na ndugu zake husema "ni sukari tu hiyo", kumbe kuna jingine.

Sonona si huzuni ya siku moja. Ni kushuka moyo, au kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi.

Mwili na akili vinavutana

Kisukari hakina likizo. Kuna sindano, vidonge, nauli ya kliniki, bei ya stripu za kupimia. Hata kwenye harusi watu wanakukagua sahani.

Mtu akichoka anaruka dawa. Sukari inapanda, anajilaumu, anazidi kuzama. Msongo nao huongeza homoni kama kotisoli, ambayo hupandisha sukari hata kama hujala vibaya. Kwa mwenye kisukari aina ya 1, kuacha insulini kunaweza kuhatarisha maisha ndani ya siku chache.

Wasiwasi, au sukari imeshuka?

Mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio: hali zote mbili huja hivyo. Usikisie, pima.

• Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), sukari imeshuka. Kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari au kula kijiko kikubwa 1 cha sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15.

• Huna kipimo karibu? Ichukulie kuwa imeshuka.

• Kipimo kiko sawa lakini hali inajirudia? Huenda ni wasiwasi. Mweleze daktari.

Wapo ambao wakishashuka vibaya mara moja, huogopa hadi wanaiacha sukari ikae juu makusudi. Hilo nalo linatibika.

Ufanye nini?

Usisubiri kuulizwa. Sema: "Daktari, dawa natumia, lakini nimekata tamaa." Kuna dodoso la maswali 9, PHQ-9, linalomsaidia kupima hali yako kwa dakika chache.

Tiba ni ushauri nasaha, dawa au vyote viwili. Mtaje daktari dawa zako zote, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona huweza kugusa sukari au uzito.

Ndugu nao wapunguze lawama. "Umekula nini tena?" humfanya mtu afiche vipimo. "Leo umeamkaje?" humfungua.

Akianza kusema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.